Kauli ya Mgonjwa Isizikwe Kabla Yake

Hakuna ukoo katika Mkoa wa Mara, uwe wa Musoma mjini, wa mashambani Butiama, wa Bunda au wa visiwani, ambao haujapata kumuuguza mtu asiyepona. Kila aliyezaliwa atakufa, na wengi wetu hatutakufa ghafla. Tutaugua kwanza: saratani, moyo, figo, kiharusi, kisukari, au uzee wenyewe. Ajabu ni kwamba jambo hili lisilokwepeka ndilo tunaloliandaa kidogo kuliko yote. Arusi huundiwa kamati miezi mingi kabla ya siku yake. Msiba nao huundiwa kamati saa ile ile mtu anapokata roho. Lakini katika ile miezi ambayo mgonjwa amelala kitandani, angali hai, ana akili zake na sauti yake, hakuna kikao kinachoitishwa, wala hakuna anayemwuliza yeye mwenyewe anataka afanyiwe nini.

Leo tunapenda kulizungumza jambo hilo na watu wa namna mbili. Wa kwanza ni ndugu zetu wa visiwani, wa Rukuba na Nafuba na wa miambao yote ya ziwa, ambao hospitali kwao ni safari ya maji kabla haijawa safari ya barabara. Wa pili ni watumishi wa Serikali, kuanzia zahanati na ofisi ya kijiji hadi halmashauri na mkoa, ambao ndio wenye dawa, wenye daftari na wenye muhuri. Hoja yetu ni moja: mgonjwa asiyetarajiwa kupona aulizwe kauli yake mapema, aulizwe kwa njia inayolingana na mila na dini yake, na kauli hiyo iheshimiwe na ukoo na hospitali pia.

Tuseme mapema ili tusieleweke vibaya. Hatuzungumzi juu ya kumharakishia mtu kifo. Sheria ya nchi hairuhusu, dini zetu zinakataza, na wazee wetu hawakutufundisha hivyo. Tunazungumza juu ya siku zilizobaki: ziishiwe wapi, kwa maumivu kiasi gani, mbele ya nani, na kwa gharama ya nani.

Wenzetu wa Marekani walilianza jambo hili kwa karatasi. Mwaka 1976 jimbo la California lilitunga sheria, ya kwanza ya aina yake nchini humo, iliyomruhusu mtu kuandika tiba ambazo asingependa apewe siku ambayo hana tena tumaini la kupona. Mwaka 1990 bunge la nchi nzima likapitisha sheria ya kuzitaka hospitali ziwaarifu wagonjwa juu ya haki hiyo. Lakini hata huko karatasi hizo zimejazwa zaidi na Wazungu wenye elimu na kipato. Wamarekani weusi na wahamiaji wengi wamezitilia shaka, nao wana sababu. Mtu ambaye babu yake alinyimwa tiba kwa ajili ya rangi yake hawezi kufurahi anapoombwa kutia sahihi karatasi ya kukataa tiba.

Sisi nasi tukiichukua karatasi ile, tukaifasiri kwa Kiswahili na kuisambaza zahanati, haitatufaa. Imejengwa juu ya wazo kwamba mtu huamua peke yake chumbani na daktari wake, na kwamba sahihi yake moja yatosha. Kwetu mgonjwa ana baba wadogo, ana shangazi, ana kaka mkubwa, ana wakwe, na mara nyingine ana mtoto aliyeko Dar es Salaam ambaye ndiye anayetuma fedha za matibabu. Hao wote wana sauti. Mwuguzi anayemwendea mama mzee wa Majita na kalamu mkononi, akamwuliza bila utangulizi kama angependa afie nyumbani au hospitali, atajibiwa kwa kimya. Pengine ataitwa mtu mbaya anayemtabiria mwenziwe kifo. Hatakuwa amekosea swali. Atakuwa amekosea mlango wa kuingilia.

Lakini tusijidanganye kwamba kwa kuwa karatasi ya wageni haitufai, basi kimya chetu kinatufaa. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, nacho kilio kimeziumbua koo nyingi. Kwa desturi tuliyoizoea, daktari huwaambia jamaa ukweli pembeni, jamaa humficha mgonjwa, naye mgonjwa, ambaye mwili wake umekwisha kumwambia yote, huwaficha jamaa kwamba anajua. Kila mmoja anamhurumia mwenziwe, na katika huruma hiyo hakuna anayesema. Huku nyuma ng'ombe wanauzwa, shamba linawekwa rehani, mtumbwi na injini yake vinakwenda kwa bei ya kutupa, ili mgonjwa apelekwe Bugando na kutoka Bugando apelekwe Dar es Salaam. Wakati mwingine safari hiyo inafaa, kwa maana zipo saratani zinazotibika zikiwahiwa, na atakayesikia maneno yetu kama sababu ya kuacha kwenda hospitali atakuwa ametusikia vibaya. Lakini zipo safari zinazofanywa wakati madaktari wamekwisha sema kwamba hakuna tena la kutibu. Mgonjwa anafia mbali na nyumbani, zaidi ya kilometa elfu moja, na fedha zilizobaki zinalipia jeneza na gari la kumrudisha. Aliyekuwa akitamani kufia kwake, akilitazama ziwa lake, hakuulizwa.

Ili tuone kimya kinaweza kutufikisha wapi, tukumbuke kesi iliyotikisa Afrika Mashariki. Desemba 20, 1986, mwanasheria maarufu wa Nairobi, S. M. Otieno, alifariki dunia. Alikuwa Mjaluo, na mkewe, Wambui Otieno, alikuwa Mkikuyu. Mjane alitaka kumzika mumewe kwenye ardhi yao karibu na Ngong, akisema ndivyo marehemu alivyopenda. Ukoo wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya, kwenye ardhi ya baba zake, kama mila ya Wajaluo inavyoagiza. Marehemu, ambaye kazi yake ilikuwa sheria, hakuacha wosia wa maandishi. Kesi ilitoka mahakama moja kwenda nyingine, magazeti yakajaa, na maiti ikakaa chumba cha kuhifadhia kwa zaidi ya miezi mitano. Mei 15, 1987, Mahakama ya Rufani iliupa ukoo haki ya kuzika, na Mei 23 Otieno akazikwa Nyalgunga. Mjane hakuhudhuria mazishi.

Hatuikumbushi kesi hiyo ili tuamue tena nani alikuwa na haki. Twaikumbusha kwa sababu Mara ni mkoa wa mchanganyiko kama ule wa nyumba ya Otieno. Hapa wako Wakurya, Wajita, Wazanaki, Waikizu, Wakwaya, Waruri, Wakabwa, Waikoma, Wangoreme, Wasimbiti, Wajaluo, Wasukuma, Wakerewe na wengineo. Wako Wakatoliki, Wamennonite, Waadventista, Waislamu, na wako wanaoshika njia ya mababu. Wanaoana, wanapangisha nyumba moja, wanavua katika mtumbwi mmoja. Mzee Mwislamu wa Musoma mjini atataka awepo mtu wa kumlakinia shahada, na azikwe bila kucheleweshwa. Jirani yake Mkatoliki atataka padri ampake mafuta ya wagonjwa. Mwadventista hatapenda shughuli zake zipangwe siku ya Sabato. Mzee wa kimila atataka wanawe wote wafike, awape baraka na kuwakabidhi mji. Hospitali isiyouliza mambo haya yaweza kumpa mgonjwa dawa sahihi, ikamnyima kile alichokuwa akikingoja.

Yako mambo mengine ambayo fomu ya hospitali haijayapa hata nafasi. Fomu inauliza jina la mume au la ndugu wa karibu. Je, katika nyumba yenye wake watatu, ni nani msemaji wa mgonjwa? Na kwa wale wanaofuata nyumba ntobhu, mila inayofahamika sana Tarime, Serengeti na hata huku Butiama, ambapo mwanamke asiye na mtoto wa kiume huoa mwanamke mwenziwe ili mji wake usifutike? Bibi mwenye nyumba akiugua, aliyemwoa ndiye anayempikia, ndiye anayemgeuza kitandani, ndiye anayejua usiku alilala vipi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haiitambui ndoa hiyo, kwa kuwa inaitaja ndoa kuwa ni ya mwanamume na mwanamke. Hatuitetei mila hiyo hapa wala hatuihukumu. Twasema tu kwamba mwuguzi anayemwondoa mwanamke huyo kando ya kitanda kwa kuwa si ndugu, akamwita mpwa asiyefika mwaka mzima, anamwondoa shahidi pekee aliye na habari.

Na vipi wavuvi wa makambini? Katika miale yetu wako vijana kutoka Kagera, Kigoma, Ukerewe, Geita na hata nchi jirani, waliofuata dagaa na sangara. Mara nyingine mtu hujulikana kambini kwa jina la utani tu, mwaka baada ya mwaka. Anapougua ugonjwa usiopona, wenziwe ndio ukoo wake. Wanamchangia, wanambeba, wanamvusha. Lakini hawajui jina alilopewa na wazazi, hawajui kijiji chake, hawajui kama ana mke. Akifa, wanabaki na maiti na maswali. Hapo hatuhitaji mila mpya. Twahitaji daftari, na mtu wa kumwuliza kijana huyo angali na nguvu za kujibu.

Sasa wengine watasema kwamba Mwafrika hapendi kuzungumza juu ya kifo. Hilo si kweli, au si kweli lote. Mzee wa Mara tangu zamani alipoona nguvu zinamwishia aliwaita wanawe, akagawa mifugo, akataja madeni anayodai na anayodaiwa, akaonyesha mahali pa kaburi lake, akawaonya wasigombane. Huo ulikuwa mpango kamili wa mwisho wa maisha, nao ulifanywa mbele ya mashahidi, kwa lugha ambayo kila mmoja aliielewa. Kilichobadilika ni kwamba zamani mzee aliugulia nyumbani mikononi mwa aliowaachia maneno, na leo anaugulia wodini, akiwa na mpira wa maji mkononi, mbele ya watu wasiojua kwamba ana maneno ya kuacha.

Tena Serikali yetu ilikwisha kuitambua njia hiyo. Kanuni za wosia chini ya sheria ya mila, zilizotangazwa kwa Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, zinaukubali wosia wa mdomo. Zinataka ushuhudiwe na watu wasiopungua wanne: wawili wa ukoo na wawili watu baki. Tuitazame hekima ya kanuni hiyo. Watu wa ukoo wapo kwa sababu mtu si kisiwa. Watu baki wapo kwa sababu ukoo nao waweza kuwa na tamaa. Na mdomo unatosha kwa sababu asiyejua kusoma naye ana neno lake.

Kanuni hiyo inahusu mali, haihusu tiba, wala hatudai vinginevyo. Lakini twauliza: kwa nini kiolezo hicho hicho kisitumike kwa kauli ya mgonjwa juu ya uuguzi wake? Mgonjwa achague wanne wake, wawili wa damu na wawili wa nje. Wa nje waweza kuwa jirani, mchungaji, shehe, mwenye mtumbwi anakofanya kazi, au mhudumu wa afya wa kijiji. Mke, au wake, wawepo. Mwuguzi au mganga wa zahanati aeleze ugonjwa kwa maneno ya kawaida, kisha mgonjwa asikilizwe. Ofisa mtendaji wa kijiji aandike ukurasa mmoja, usomwe kwa sauti mbele ya wote, nakala moja ikae nyumbani na nyingine zahanati. Mgonjwa awe huru kuubadili siku yoyote, kama vile mwenye wosia alivyo huru. Watu wa hapa hawataiita fomu ya kizungu. Wataiita kikao, na kikao wanakijua.

Maswali yenyewe si mengi. Ungependa kuambiwa ukweli wote wa ugonjwa wako, au fulani aambiwe kwa niaba yako? Usipoweza kusema tena, nani aseme badala yako? Ungependa kuuguzwa wapi, na ikifika hatua ambayo waganga hawana tena la kutibu, ungependa ubaki hospitali au urudishwe nyumbani? Nani wa dini au wa mila awepo? Uzikwe wapi, na kitu gani kisiuzwe kwa ajili ya ugonjwa wako? Swali hili la mwisho ni zito kuliko yote. Baba wengi wangesema, kama wangeulizwa: uzeni ng'ombe, lakini shamba la watoto msiliguse.

Hapa hatuna budi kuwa wakali kidogo juu ya mila zenyewe, kwa maana si kila kilicho cha kale ni chema. Tangazo lile lile la 1963 lilibeba pia kanuni za urithi zinazomweka mjane nyuma ya ukoo wa mumewe. Wajane wawili wa Kitanzania walizipinga kanuni hizo mahakamani, na baadaye wakalifikisha jambo mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 ilisema kwamba walibaguliwa. Kwa hiyo kikao cha mgonjwa kisigeuzwe kuwa kikao cha kumvua mke mji wake mume angali anapumua. Ndiyo maana twasisitiza watu baki wawe wawili, na mwanamke mgonjwa awe na haki sawa na mwanamume ya kuchagua mashahidi wake. Mama aliyeuguza watu maisha yake yote ndiye mara nyingi anayekosa wa kumwuliza zamu yake inapofika.

Yako pia madhara makubwa zaidi ya kimya. Katika mikoa hii ya Kanda ya Ziwa wameuawa wazee, hasa akina mama wenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni, kwa kusingiziwa uchawi. Mara nyingi chanzo ni ugonjwa ambao haukuelezwa. Mtu amekonda, amekufa, na hakuna aliyewaambia jamaa ilikuwa ni saratani ya ini au ya kizazi. Palipokosekana maelezo ya mganga wa hospitali, hujazwa maelezo ya mpiga ramli. Kikao ambacho ugonjwa unatajwa kwa jina lake mbele ya ukoo hakitaondoa imani hizo kwa siku moja, lakini chaweza kumwokoa bibi mmoja, na bibi mmoja anatosha kuwa sababu.

Hata hivyo, kauli bila dawa ni maneno matupu. Haifai kumwuliza mtu kama angependa kufia nyumbani, kisha kumpeleka nyumbani akapige mayowe ya maumivu. Saratani si ugeni kwetu. Eneo la Mara Kaskazini lilijulikana kwa wataalamu wa dunia tangu miaka ya 1970 kwa uchunguzi wa saratani ya Burkitt, inayovimbisha taya za watoto. Na dawa ya maumivu makali si siri: mofini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977. Ikitengenezwa kuwa maji ya kunywa kutokana na unga, haina gharama kubwa, na mgonjwa aweza kuinywa kitandani kwake bila sindano.

Huduma hii ya kumtuliza mgonjwa asiyepona, kumsafisha, kumfariji na kuifariji jamaa yake, siku hizi inaitwa tiba shufaa. Si ngeni nchini. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road inaitoa. Hospitali ya Selian, Arusha, ilianza kuwafuata wagonjwa majumbani tangu mwaka 1999, na Muheza mkoani Tanga wakafuata mapema katika miaka ya 2000. Jirani zetu wa Uganda wamekwenda mbali zaidi. Hospice Africa Uganda ilianzishwa Kampala mwaka 1993 na Dk. Anne Merriman, na mwaka 2004 Serikali ya nchi hiyo ikaruhusu wauguzi na waganga wasaidizi waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini, kwa kutambua kwamba kijijini hakuna daktari. Huko India, jimbo la Kerala limejenga huduma hiyo juu ya majirani wa kujitolea, wanaofundishwa kumtembelea mgonjwa, kumwogesha na kumwarifu mwuguzi, na mwaka 2008 serikali ya jimbo iliifanya kuwa sera yake. Kerala hawakuwa matajiri walipoanza. Walikuwa na majirani, na sisi tunao.

Kwa sababu hiyo tunatoa maombi yetu kwa Serikali waziwazi.

Kwanza, hospitali kubwa za mkoa huu, ile ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere iliyoko Kwangwa, ambayo ujenzi wake wananchi waliungoja kwa miongo kadhaa, na ile ya Bunda, ziwe na wauguzi wa tiba shufaa wenye usafiri, na dawa ya maumivu isikome milangoni mwao. Mgonjwa wa Rukuba hawezi kupanda mtumbwi kila juma kufuata chupa ya dawa. Mofini ni dawa inayolindwa kisheria, nasi twakubali ilindwe. Lakini kulinda maana yake ni kuhesabu na kuandika, si kufungia kabatini mgonjwa akilia.

Pili, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao mpya ulizinduliwa mwaka 2024, wafundishwe kuitisha kikao cha mgonjwa. Wapewe maneno ya kutumia kwa Kijita, Kizanaki, Kikurya, Kijaluo na lugha nyingine za mkoa, yaliyotafutwa pamoja na wazee wa mahali. Kiswahili ni lugha yetu sote, lakini mtu aliye karibu na mwisho mara nyingi hurudi kwenye lugha ya mama yake. Wazee wa mila, mapadri, wachungaji na mashehe washirikishwe tangu mwanzo katika kuyatafuta maneno hayo. Wasiitwe siku ya uzinduzi kupigiwa picha.

Tatu, katika miale na makambi ya uvuvi, vikundi vya wavuvi vinavyosimamia rasilimali za ziwa viandike daftari la kila mkazi wa kambi: jina kamili, kijiji, mtu wa kuarifiwa. Habari za ugonjwa wa mtu zisiandikwe humo, hizo ni siri yake na mganga wake. Kazi hii haihitaji bajeti kubwa.

Nne, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inapoendelea kutekelezwa, uuguzi wa nyumbani wa asiyepona uhesabiwe kuwa tiba. Bima inayolipia upasuaji ambao hautafaa kitu, lakini hailipii mwuguzi kuvuka maji na chupa ya dawa, inawasukuma watu kwenye safari zile zile tulizozitaja.

Na kwenu ninyi ndugu zetu wa visiwani, tuna ombi moja lisilongoja Serikali. Yupo nyumbani kwenu, au kwa jirani, mtu ambaye nyote mnajua hatapona, na pengine yeye anajua kuliko ninyi. Msianze kwa kumwuliza juu ya kifo. Anzeni kwa kumwuliza ni nani angependa waje kukaa naye. Wakifika, mwulizeni kama ana maneno. Akisema hana, rudini siku nyingine. Akisema anayo, nyamazeni mumsikilize mpaka mwisho, mmoja wenu aandike.

Oktoba 14, 1999, Mwalimu Julius Nyerere alifariki katika hospitali ya St Thomas', London, kwa saratani ya damu, akiwa mikononi mwa madaktari ambao taifa lingeweza kumpatia. Siku tisa baadaye alizikwa Butiama, Mwitongo, katika mji wa baba yake, Mtemi Burito. Dunia nzima ilikuja Butiama, na taifa lilibeba gharama ya kumrudisha mtoto wa Mara kwao. Mvuvi wa Nafuba hana ndege ya Serikali. Ana mtumbwi, ana majirani, ana ukoo, ana zahanati yenye mwuguzi mmoja au wawili. Vitu hivyo vinatosha kumfanya auguzwe bila mateso na azikwe alikotaka, ikiwa tu ataulizwa angali anaweza kujibu.

Halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama zina vikao vya madiwani kila robo ya mwaka. Twaomba katika kikao kijacho jambo hili liwe kwenye ajenda, na watu wa visiwani wawepo ndani ya ukumbi linapojadiliwa.